Maji ya Moto Kwanza

...na nyinyi wenyeji wa wapi, ndivyo alivyouliza bibi yule mwenye taulo kichwani, aliyezama hodhini mpaka mabegani, kauliza kwa upole tu kama mtu anayeuliza bei ya figili, na mimi hapa kwenye kigoda changu, uchi kama wote humu bafuni, dodoki mkononi na mgongo wa Honoka mbele yangu, nimejifanya sikusikia, maji yana kelele, si kosa mtu kutosikia kwenye bafu la umma, lakini Honoka amesikia, ameshageuza shingo, ananitazama, macho yake yanauliza niseme lipi, Mama, lile la kweli au lile ulilonifundisha... nilimfundisha garini, hapo nje, nilipokwenda kulificha gari nyuma ya jengo ili namba zake, zenye jina la kwetu, zisisomwe, ndiyo, nimefikia kuficha namba za gari kama mwizi, nikamwambia ukiulizwa sema Sendai, Sendai ni mji mkubwa, nako ardhi ilitikisika, watu watatuonea huruma na yaishe, na mtoto wa miaka saba akarudia nyuma yangu Sendai, Sendai, kama anayekariri hesabu, halafu akauliza, na babu naye alikuwa wa Sendai? Nikamwambia tushuke, maji yatapoa, kana kwamba maji ya bafu hili yamewahi kupoa.

Nisugue mgongo, nisugue tu, anayesugua hajibu maswali, kwanza hapa hakuna anayeingia hodhini hajajisafisha, huo ndio utaratibu, hata mgeni wa jana anaujua, basi acha nimsafishe mwanangu, sabuni mara ya kwanza, mara ya pili, hii ya tatu, asije mtu akasema... kwa sababu watasema, wale wawili kule pembeni, mwenye nywele fupi na mwenzake mnene, wamekuwa wakisema tangu tuingie, hawajui tu kwamba wanatusema sisi, eti nasikia wale wakimbizi wa mionzi wamewajaza kwenye ukumbi wa michezo, eti mahoteli mengine yanawakataa mlangoni, na yule mnene, sasa wewe ungewapokea, ukaoge nao maji mamoja? Mie? Mie nina wajukuu, shoga yangu, mie simtakii mtu mabaya, lakini nina wajukuu... wakacheka kidogo, kicheko cha watu wema, maana hao ni watu wema, naapa, mwezi wa tatu hao hao walipika wali wakaufinyanga matonge kwa mikono yao wakatuletea ukumbini, tulikula tukalia, lakini tonge unampa mtu akiwa mbali na beseni lako, ndiyo huruma yenyewe, ina mipaka, ina ukuta, nami nina wajukuu pia, nao bado hawajazaliwa, wamo humu ndani ya mtoto huyu, na hakuna aliyeniuliza habari zao.

Mama, unaniumiza, anasema Honoka, nasema vumilia kidogo, mwanangu... vumilia, neno letu hilo, tumelinyonya na maziwa, ardhi ilipotikisika tukavumilia, wimbi lilipopanda bandarini Namikura likapita juu ya soko la samaki na juu ya nyumba ya baba yangu tukavumilia, mume wangu Tatsuro akashuka na tochi, akaita mpaka sauti ikakauka, akarudi akasema kesho kukipambazuka tutampata, mzee ana akili, atakuwa amepanda mahali, na kesho kukapambazuka, na spika za mji zikalia, tukadhani zinawaita watu wenye majembe, kumbe zinatuambia tuondoke, wote, mara moja, upande wa magharibi, kituo cha nyuklia kimepata hitilafu, hitilafu! Nyumba nzima ya mtambo ilipasuka angani mchana kweupe, nao waliita hitilafu, na watu wetu wako chini ya mbao kule bandarini, pengine wanasikia miguu yetu ikiondoka, pengine baba alisikia, hilo ndilo linaloniamsha usingizini, si mionzi, mionzi siioni, nasikia miguu.

Tukaondoka kwa foleni, hakuna aliyepiga honi, sisi ni watu wa foleni, tukafika kijiji cha milimani, tukashukuru, tukapika supu nje na spinachi iliyotoka kuchumwa, watoto wakacheza kwenye theluji iliyokuwa ikianguka, na upepo, upepo wenye mionzi nao ulikuwa umeelekea huko huko, wakubwa walijua, walikuwa na mashine ya kuwaonyesha upepo unakwenda wapi, wakakaa na habari yao mezani, hawakutaka kuzusha taharuki, ndivyo walivyoeleza baadaye, wakiwa wamevaa zile sare za kazi mpya kabisa, bado zina mikunjo ya dukani, hawakutaka kutushtua! Nani aliwaambia sisi ni kuku? Sisi tunaoishi juu ya ardhi inayotikisika tangu tuzaliwe, sisi ambao watoto wetu wanafundishwa kuingia chini ya meza kabla hawajajua kusoma, sisi tungeshtuka? Tungegeuza magari, basi, tungekwenda kusini, hilo tu, tungepiga kona... na kila siku yule bwana wa serikali kwenye televisheni, hakuna madhara kwa afya kwa sasa, kwa sasa, anainama, kwa sasa, na mimi namtazama nikiwa na mtoto mapajani, nauliza, na baada ya sasa? Sasa ya nani? Sasa yako wewe mwenye umri wa kustaafu, au sasa ya huyu ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanaota?

Na yule aliyempima mtoto mionzi, jamani, kijana wa watu, amejifunika kutoka unyayo mpaka utosi, glavu juu ya glavu, barakoa, miwani, utadhani ameshuka kutoka mwezini, akampitishia Honoka kile kifaa chake, kichwani, mabegani, viatuni, kikalia tiki tiki, Honoka amesimama na fulana yake ya sungura, mikono ameitandaza, na yule mtu wa mwezini akasema kwa sauti ya ndani ya barakoa, hamna shida, mama, yuko salama kabisa. Nikamwambia kama hamna shida vua basi. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania, sijatania tangu siku ile.

Na umeme wenyewe! Umeme wenyewe haukuwa wetu, hata taa moja ya Namikura haikuwaka kwa umeme ule, ulipita juu ya paa zetu ukaenda zake Tokyo, kuwasha ngazi zinazopanda zenyewe na vyoo vinavyopasha makalio, sisi tulibakiwa na nguzo za nyaya, na tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa kukitembelea kituo, tukapewa penseli na peremende, mwelekezaji mwenye kofia nzuri akatuambia kuta zina unene gani, chuma, zege, chuma tena, mambo yote mazito mazito, baba nikamsimulia, akaniambia bahari haisomi hizo karatasi zao, akaendelea kuunga nyavu... na leo mtu wa Tokyo anatazama spinachi sokoni, anaona jina la mkoa wetu, anairudisha kama imemng'ata. Tatsuro yeye alirudi, bado yuko kule juu zizini kwetu na ng'ombe, anakamua asubuhi, anakamua jioni, maziwa yote anayamwaga shimoni, asipokamua chuchu zinavimba, akikamua hakuna anayekunywa, jana kanipigia simu, nikamwuliza unakula nini, akasema nakula, nikasema Tatsuro, ng'ombe watakufa, wewe pamoja nao, nikamsikia ng'ombe nyuma yake, akasema, mwambie Honoka yule ndama anamsalimia.

Mama wewe, narudia... wewe mama mwenye mtoto, nakuuliza wewe, sauti ya hodhini tena, mtoto mzuri huyu, lafudhi yenu siyo ya huku, kwenu wapi? Na wale wawili wamegeuza vichwa sasa, maji tu yanadondoka, Honoka kafungua mdomo, kaufunga, wiki iliyopita shuleni hakuufunga, mwalimu alimwuliza umetoka wapi naye akataja Namikura kwa furaha, akaongeza kwamba tuna ng'ombe kumi na mmoja na babu ana mashua, na kufika mapumziko mwenzake wa pembeni alikuwa ameshavuta dawati, kidogo kidogo, mpaka kati yao pakapita mtu, akarudi akaniuliza, Mama, inaambukiza? Niliwachukia watoto wale kwa siku nzima, halafu nikaenda nikamfundisha wangu kusema Sendai.

Mama, bado sijatakata? Ananiuliza kwa kunong'ona, na ndipo ninapouona mgongo wake, mwekundu, mwekundu wa nyama, michirizi ya dodoki kutoka mabegani mpaka kiunoni, nani kafanya hivi... umetakata, mwanangu, umetakata, acha nikusuuze, navuta beseni chini ya mabomba, mkono wangu unabonyeza lile la bluu, baridi inajaa nusu, halafu unabonyeza lile jekundu, ya moto juu yake, nachanganya kwa vidole kuonja joto, nanyanyua beseni, na beseni linasimama hewani. Baridi kwanza. Moto juu ya baridi. Mama yangu alikuwa akinipiga kibao cha mkono kwa hilo, wee mtoto, aliye hai unamtilia ya moto kwanza, halafu unaipoza, baridi kwanza halafu moto ni maji ya maiti, na siku alipokufa bibi yangu ndipo nikayaona yakichanganywa kinyume hivyo, akaoshwa taratibu, uso, mikono, miguu, kama anayelala... na baba yangu hakuoshwa. Walimpata baada ya wiki tano, watu wale wale wa mwezini, wenye mavazi meupe, nikaja na beseni, nikaja na taulo jipya nililolinunua kwa ajili yake, nikasema nataka kumwosha, uso tu, na yule mtu akasema samahani sana, mama, haiwezekani, akainama. Akainama! Zipu ikafungwa. Nikarudi na beseni kavu na taulo lenye lebo yake.

Kumbe mkono wangu umekuwa ukimtafuta baba tangu siku ile, umemkosa, umemshika mtoto, nimekuwa nikimwosha mwanangu mzima, mwenye njaa, mwenye meno yanayoota, kama anayelazwa jenezani, sabuni mara tatu, na juu ya hayo kumfutia kwao, jina la bandari, jina la babu, mpaka abaki hana alikotoka, na ninawalaumu wale wawili! Wao wanaogopa maji tu. Mimi nimeshamzika. Na yule bwana wa kwa sasa, na wale waliokalia upepo wao mezani, wao wanalala nyumbani kwao, wanaulizwa wenyeji wa wapi wanajibu bila kumeza mate, na aliyepaswa kuona aibu si huyu, si huyu mwenye mgongo mwekundu, aibu imepotea njia, imekuja kwetu kama upepo ule, nami nikaifungulia mlango, nikaikaribisha chai.

Namwaga. Maji yote, sakafuni, yanakimbilia mferejini. Naweka beseni tena. Jekundu kwanza. Mvuke unanipiga usoni, mzuri, unachoma, halafu la bluu, kidogo, halafu kidogo tena, naonja, yako sawa, haya ni maji ya mtu atakayekua, atakayeolewa akitaka, atakayezaa akitaka, namsuuza taratibu na povu lote linaondoka, naye anacheka kwa sababu yamemwingia sikioni. Bibi bado ananitazama kutoka hodhini, taulo kichwani, wale wawili nao, hakuna aliyesogea, hakuna kilichobadilika humu ndani, swali liko pale pale juu ya maji, nalo hodhi ni la wote, anayetaka kutoka mlango huo hapo. Honoka, nasema, kwa lafudhi yetu, yote, bila kuibana, bibi anakuuliza kwenu wapi, mjibu vizuri. Ananitazama kuhakikisha. Hilo la kweli, Mama? La kweli, mwanangu, na mwambie babu yako alikuwa na mashua.