Dakika Arobaini na Moja

Mwenye nyumba wetu aligundua kwamba wapangaji ni uchafu. Hakusema hivyo, bila shaka. Aliandika kwamba jengo linageuzwa kuwa ofisi na kwamba tuwe tumeondoka kabla mwezi ujao haujaisha. Barua yenyewe aliibandika mlangoni kwa gundi, ili hata kuibandua iwe kazi yetu.

Mimi sikusikitika. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nipate shahada ya mipango miji, na kama kulikuwa na mtu aliyejiandaa kuchagua mji wa kuhamia nje ya jiji, mtu huyo alikuwa mimi. Nilitandaza ramani juu ya meza ya kulia, nikachora jedwali: miji minne pembeni, sifa kumi na mbili juu. Miti. Njia za waenda kwa miguu. Maji. Zahanati. Chekechea. Muda wa kufika jijini. Kila sifa alama kumi.

Mke wangu ni mkunga katika hospitali kubwa. Alirudi kutoka zamu, akaitazama ramani, akaikunja kona moja apate pa kuweka sahani yake.

"Sisi tuko safu ipi?" aliuliza.

"Zote ni zetu."

"Mimi naona miti tu, baba."

Nilitabasamu kama daktari anavyomtabasamia mgonjwa anayejitibu mwenyewe. Mke wangu ana akili kunishinda, lakini mambo haya hakuyasomea.

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu apate neno la kwanza hakuwahi kufunga mdomo. Asubuhi, mama yake akimvalisha, alisimulia ndoto, na kama hakuota alitunga. Jioni alinisimulia siku nzima, pamoja na zile sehemu ambazo nami nilikuwepo. Kabla ya ramani na jedwali, mimi na mama yake tulikubaliana jambo moja: popote tutakapokwenda, mama asiache kazi yake, na Chiriku asikose mtu wa kumsikiliza asubuhi na jioni. Mengine yote yalikuwa ya kujadili.

Mji wa kwanza ulikuwa lango. Lango la kifahari, lenye simba wawili wa saruji, na nyuma yake majani mpaka upeo wa macho. Dalali alitutembeza kwenye majani hayo akinyoosha kidole. Shule? "Itakuwa pale." Hospitali? "Itakuwa pale." Chiriku akamvuta suruali: "Na sisi tutakuwa wapi?" Dalali akacheka, akaangalia saa.

Mji wa pili ulikuwa na nyumba kweli, na kila nyumba ilikuwa na karatasi ya makatazo mlangoni. Marufuku kuanika nguo upande wa barabara. Marufuku watoto kucheza nje baada ya saa kumi. Mwenyekiti wa wakazi, bwana mmoja mwenye shingo ndefu, alimsikiliza Chiriku akieleza jinsi kiatu chake kilivyokuwa na usingizi, kisha akatuuliza sisi, kwa upole, kama hali hiyo inatibika.

Mji wa nne sikuutembelea. Ulikuwa mwisho wa reli, mji wa gereji, makontena na vilima vya matairi chakavu. Kwenye safu ya miti niliandika sifuri, nikaupiga mstari mwekundu. Sikukaa chuo miaka minne ili mwanangu akulie kwenye grisi.

Ukabaki mji wa tatu, wa kilimani, anakoishi shemeji yangu.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mke wangu, ni ofisa wa bima. Tangu ahamie kilimani miaka miwili iliyopita alikuwa akiizungumzia hewa ya kule kana kwamba anaitengeneza yeye, stoo, usiku. Nyumbani tulimwita Hewa Safi. Kila Jumapili alikuja kututembelea, akasimama kwenye dirisha letu la ghorofa ya nne, akanusa, akatoa kitambaa.

"Dada, humu ndani mnavuta hewa au mnakunywa?"

"Karibu, kaka. Keti."

"Niketi wapi, shemeji yangu katandaza dunia nzima mezani! Msomi, acha kuhangaika. Njooni kwetu. Kule unaamshwa na ndege."

"Mnaamka saa ngapi?" mke wangu aliuliza.

"Mapema. Watu wa maana huamka mapema."

Binti yake, mkubwa kidogo kwa Chiriku, alikuwa amelala kwenye kochi. Alilala kila walipokuja. Chiriku alimkalia pembeni akamsimulia mambo usoni, lakini hakuamka. "Hewa ile," Hewa Safi alisema kwa fahari, "humlegeza mtoto."

Sikumpenda, lakini jedwali halina chuki. Kilimani palipata tisa kwa miti, tisa kwa maji, nane kwa njia za miguu. Chekechea yake ilikuwa ikifunguliwa asubuhi mapema kuliko zote, nikaipa kumi. Ilibaki safu ya muda. Dalali wa huko, kijana mwenye miwani ya jua juu ya kichwa na simu mbili mkononi, aliniambia: "Dakika arobaini, bosi. Ukizidisha, hamsini." Mimi si mtu wa kuamini madalali. Nilipima mwenyewe. Jumamosi mbili nilipanda basi na saa mkononi. Kisha, kwa kuwa Jumamosi si kipimo cha haki, nikaomba ruhusa kazini siku ya Jumanne, nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati jiji linachemka.

Dakika arobaini na moja.

Njiani, upande wa pili wa barabara, magari yalikuwa yamesimama. Mabasi, pikapu, magari madogo, yote yamegandana kilomita baada ya kilomita, watu wameegemeza vichwa kwenye vioo. Nikawatazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau. Nikajisemea, hawa ndio watu wasiopanga maisha yao. Nikaandika namba yangu kwenye jedwali kwa wino wa bluu: alama tisa.

Alhamisi mke wangu alikuwa na mapumziko. Tukaenda sote watatu kuona nyumba na kutia sahihi. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika. Ndege walilia kweli. Miti ilikuwepo, njia za miguu zilikuwepo, tena safi, kwa sababu hakukuwa na mguu hata mmoja juu yake. Mtaa mzima, milango imefungwa, mapazia yameshushwa. Chiriku aliwasalimia watu wa nyumba tatu, akakosa wa kumwitikia, akaanza kuzisalimia nyumba zenyewe.

"Watu wako wapi?" mke wangu aliuliza.

"Kazini, mama. Hapa ni mji wa wachapakazi," dalali alisema, akatufungulia mlango. Vyumba vilikuwa vikubwa. Mke wangu alifungua bomba, akafungua kabati, akafunga, akasema nyumba ni nzuri. Dalali alikuwa ameshatoa kalamu.

"Kwanza nione chekechea," mke wangu alisema.

"Chekechea ni ya kwanza katika eneo lote, mama, hata bosi hapa ameipa..."

"Nataka kuiona mimi."

Ilikuwa jengo la njano lenye vipepeo ukutani. Tuliingia tukitegemea kelele, maana palipo na watoto arobaini huhitaji kuuliza njia. Palikuwa kimya. Katika chumba cha kwanza magodoro yalikuwa yamepangwa sakafuni, na juu yake walilala watoto katika nguo za kulalia, wengine bado wamefungwa blanketi za nyumbani kwao. Msaidizi mmoja alikuwa akiwaamsha wawili wawili, anawavua, anawaosha uso kwenye beseni, anawavalisha sare. Ukutani iliningʼinia miswaki arobaini, kila mmoja na picha yake: bata, nyota, tufe.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa furaha. "Hii ndiyo huduma yetu ya alfajiri. Wazazi wanatuletea watoto wakiwa usingizini. Hawahangaiki kuwaamsha, kuwavalisha, wala kuwalisha. Sisi tunafanya kila kitu."

"Kuanzia saa ngapi?" mke wangu aliuliza.

"Saa kumi na nusu. Wengine wanalia tufungue saa kumi kamili."

"Saa kumi na nusu alfajiri."

"Si lazima mzazi aiwahi barabara? Ukitoka hapa saa kumi na moja, jijini unaingia saa moja. Ukitoka saa kumi na mbili," akapunga mkono kama anayemuaga marehemu, "hiyo siku sahau."

"Na jioni?"

"Tunawapa chakula, tunawaogesha, tunawalaza. Wakija saa tatu wanawakuta tayari. Wanabeba tu."

Hapo mtoto mmoja aliyekuwa akivalishwa soksi alitugeukia. Alikuwa binti wa Hewa Safi. Alimwangalia mke wangu kwa muda, uso umejaa mikunjo ya godoro, kisha akaruka na soksi moja, akamkumbatia miguu.

"Shangazi! Leo ni Jumapili?"

"Hapana, mwanangu. Leo Alhamisi."

"Mbona umekuja?" Hakungoja jibu. Akamgeukia mwalimu: "Baba yuko nje? Kama shangazi yupo, basi ni Jumapili, baba yuko nje."

Mwalimu akacheka, akamshika mkono. Mtoto akachungulia mlangoni, akaona hakuna kitu, akarudi kuinua mguu wa pili avalishwe. Hakulia. Ningefarijika kama angelia. Chiriku alisimama katikati ya magodoro, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema.

Mke wangu alinitazama. Hakupaza sauti.

"Ile Jumanne ulipopima, ulikuwa unaelekea wapi?"

"Huku."

"Asubuhi."

"Asubuhi."

"Na sisi tukihamia huku, asubuhi tutakuwa tunaelekea wapi?"

Nilikuwa nimekiona kila kitu kwa macho yangu: mabasi yaliyoganda, vichwa kwenye vioo. Nilikuwa nimewacheka. Nilipima njia ya kutoka jijini saa ambayo dunia nzima inaingia jijini, kwa saa ya mkononi, nikaandika kwa wino wa bluu. Mlevi angeuliza swali lile kabla yangu. Mimi nilikuwa na shahada.

"Zamu yangu inaanza saa moja," mke wangu aliendelea. "Kuna mwenzangu amekesha na wanawake wanaojifungua, hawezi kuondoka mpaka nifike. Kwa hiyo mimi ningembeba huyu saa kumi, amelala. Na kumchukua saa tatu, amelala. Ndoto zake angemsimulia nani? Yule wa beseni?"

Dalali, aliyekuwa mlangoni, alishindwa kujizuia. "Lakini bosi, wewe si ndiye mtaalamu wa mambo ya miji?" Akacheka mpaka miwani ikamdondokea puani. "Nilidhani unajua! Kila mtu anajua!"

"Uliniambia dakika arobaini."

"Ni arobaini! Jumapili, hata thelathini na tano. Mtatia sahihi au hamtii? Nina wateja wengine saa tatu."

"Wape," nilisema.

Kituoni tulikaa kusubiri basi la kurudi. Nilijaribu kuanza kujieleza, kwamba katika takwimu kuna kitu kinaitwa mwelekeo wa safari. Mke wangu akanigeukia taratibu. "Baba Chiriku. Nyamaza kidogo." Hakuniita mjinga. Niliona amelifikiria neno hilo, akaliona dogo.

Wodini kwao kulikuwa na mfanyakazi wa usafi, mama wa watoto watano, ambaye katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuchelewa. Mke wangu alimuuliza anaishi wapi. Akajibu: mwisho wa reli, kwenye gereji.

Jumatatu iliyofuata tulipanda treni ya jioni mpaka huko, tukalala kwa yule mama, asubuhi tukatoka naye. Safari hii tulielekea jijini, na saa alishika mke wangu. Dakika ishirini na nane. Mji ulikuwa mbaya kama nilivyodhani, hata zaidi. Lakini watu walikuwa nje. Fundi mmoja aliyekuwa akitoa tairi kwenye rimu alimsikiliza Chiriku kuhusu ndoto ya paka mwenye kofia, akauliza kofia ilikuwa ya rangi gani, akaonekana kweli anataka kujua.

Tukachukua vyumba viwili na jiko nyuma ya gereji ya breki.

Hewa Safi alikuja Jumapili ya kwanza. Alisimama katikati ya maboksi yetu akiwa na kitambaa puani.

"Nimeona watu wakitoka shimoni kwenda kilimani. Waliopewa kilima wakachagua shimo ni ninyi tu. Shemeji, huku ndiko shahada ilikokufikisha?"

"Ndiko ilikonifikisha."

"Mti mmoja tu! Nionyeshe mti mmoja!"

"Kaka," mke wangu alisema akipanga vikombe, "Alhamisi ile nilimkuta mwanao chekechea. Alidhani ni Jumapili. Akaenda mlangoni kukutafuta."

Hewa Safi akamgeukia binti yake. Alikuwa kwenye kochi, amelala, na Chiriku alikuwa pembeni yake akimsimulia habari za breki. Kisha Hewa Safi akaja nilipokuwa nikifungua maboksi, akashusha kitambaa.

"Treni ya kwanza hapa," aliuliza, sauti ya chini, ili dada yake asisikie, "ni saa ngapi?"

Dharau nilikuwa nayo, ya kutosha, ya miaka miwili. Nilikuwa nimeiweka tayari kwenye ulimi.

"Saa kumi na mbili kasorobo," nikamwambia. Halafu nikamtajia na ya pili.