Hotelini na Baba Mkwe

"Samahani dada, hoteli yenu ina milango mingapi?"

Aliyepokea alikuwa binti wa mapokezi. Nilimsikia akihema kwenye simu huko Dar es Salaam, na mimi nimekaa juu ya gunia la maharage dukani kwangu Tunduma, mbele ya nyumba yetu, kidole nimeziba nacho sikio la pili, maana malori yaliyokuwa foleni kuingia Zambia yalikuwa yanapigiana honi tangu alfajiri.

"Mama, unaogopa moto?"

"Moto wa nini? Nataka kujua kama mtu anaweza kwenda kunywa chai asubuhi bila kupishana na mtu mwingine aliyelala humohumo."

"Mtu gani huyo, mama?"

"Baba mkwe wangu."

"Oh, pole sana. Amekukosea?"

"Thubutu! Nampenda mno. Ndiyo maana sitaki tuonane."

Akaniomba nisubiri kidogo, akaniwekea muziki. Nadhani alikwenda kuwaita wenzake waje wasikilize.

Simlaumu. Hata mimi, nilipoolewa kutoka Iyula kwenda milima ya Ileje, niliyaona mambo hayo ya ajabu. Katika ukoo wa mume wangu Osea, mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hali naye, hasalimiani naye, jina lake halitaji, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia majanini mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha. Utawaona harusini wanapiga picha na wakwe zao, meno yote nje. Mzee Barnaba, nisamehewe kumtaja, hakuacha. Na mimi nilipoingia kwake niliapa kwamba hakuna atakayesema binti wa Iyula hana adabu. Nikaingia majanini mvua na jua, nikatoka na kupe, sikulalamika.

Mama mkwe alipofariki, Osea alimleta baba yake Tunduma akamjengea chumba na sebule uani kwetu. Basi tukaanza kuishi kwa kukohoa. Mzee akitaka kukata kona anakohoa, nami nakimbilia ndani. Mimi nikitaka kwenda bombani nagongagonga ndoo, naye anageuza kiti kuelekea ukutani. Akiwa na neno la kuniambia, anawaambia kuku.

"Kuku, hebu mwambieni mwenye nyumba, mboga ya jana ilikuwa tamu."

Na mimi jikoni, nyuma ya pazia: "Sufuria, mwambie mzee leo nimeongeza karanga."

Mambo marefu, ya dawa na ya kanisani, yalipitia kwa Frida, binti yetu. Mtoto yule alianza kupeleka ujumbe kabla hajajua kuvaa viatu, na akikuta umepungua utamu anaongeza wake.

Sasa sikieni jambo moja. Frida ni mtoto wetu wa pekee. Baada yake daktari alisema basi, na habari zikapanda mpaka Ileje. Siku moja wakashuka mashangazi wawili wa Osea, vitenge vipya, sauti za upole mno, wakakaa uani na mzee. Nilijua wamefuata nini. Walikuja kusema Osea atafute mwanamke mwingine. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nimeacha hata kuusogeza, ugali unaungua.

Walipomaliza, mzee akaweka kikombe chini. Kisha akainua sauti, ile sauti yake ya kupanda na kushuka ya milimani.

"Kuku! Waambieni wageni nyumba hii imejaa. Na waambieni chai ikiisha, basi la kurudi linaondoka saa nane."

Nilikaa chini pale kwenye sakafu nikalia kwa furaha, ugali ule tukautupa. Nilitaka kutoka nje nipige magoti mbele yake niseme asante. Sikuweza. Kumtuma Frida niliona aibu, na neno lenyewe halikuwa la kuambiwa sufuria. Miaka ikapita, na ile asante nikawa nayo kifuani, kila akikohoa inapanda kooni kisha inarudi.

Mwaka juzi Frida akafaulu kidato cha nne, akachaguliwa shule ya bweni mbali kweli, mikoa mitatu kutoka kwetu. Baba yake, ambaye anafanya klaringi mpakani na siku nzima anashinda na makaratasi ya malori, alichanganyikiwa kwa furaha. Akaahidi kumpeleka kwenye ile hoteli iliyomo ndani ya bustani ya michezo ya maji, nje kidogo ya Dar es Salaam. Si kwenda mchana na kurudi, hapana. Kulala humohumo.

Aliponionyesha bei kwenye simu nilidhani ni ya kununua chumba.

"Baba Frida, hii si ndiyo bei ya kuezeka duka lote?"

"Ndiyo hiyo."

"Na tukilala nje ya geti, kwenye nyumba ya wageni, tukaingia kwa tiketi?"

"Ni nusu ya hapo. Lakini wanaolala ndani wanaingia kwenye maji kabla watu hawajajaa, na wanabaki wengine wakitoka."

Nikaenda kumuuliza jirani yangu Mwanaisha, mke wa mwenye malori, ambaye alikwishafika huko. Mwanaisha haumi maneno. "Shoga, wale ni wezi," akasema. "Soda moja wanakutoza kama wameichimba. Mimi narudi mwezi wa kumi na mbili."

Tungeishia kwenye kubishana bei tu, kama Frida asingemwonyesha babu yake video. Nilikuwa nyuma ya pazia nikachungulia. Kwenye simu watu wanaingia kwenye bomba refu la rangi, wanapotea, halafu wanatemwa kwenye maji huku wanapiga kelele. Mzee Barnaba alicheka mpaka kofia ikadondoka. Akaomba irudiwe. Akacheka tena, akajipangusa machozi, akawaambia kuku: "Kumbe mimi nitakufa sijapita kwenye bomba lile?"

Mambo yakawa hayo. Osea alinikalisha sebuleni, akaongea polepole.

"Mama Frida, pesa niachie mimi. Lakini tukienda na mzee, taabu yote ya kukwepana ni yako. Kule hakuna uani. Ukisema hapana, tutampeleka kwa dada Mbeya wiki hiyo, hatakasirika. Amua wewe."

Nilizunguka na jambo hilo siku nyingi. Hapa Tunduma nazijua kona zangu zote. Kule kuna lifti, kuna chumba kimoja cha kulia watu mia, kuna foleni. Nikijisahau mara moja tu, mbele za watu, tena nimelowa maji, heshima yote niliyoijenga tangu nikiwa binti inakwisha kwenye bwawa la kuogelea. Mzee ataona aibu. Pengine ataomba kurudi Ileje akakae peke yake. Na hapohapo nikawaza: Frida anaondoka. Osea yuko mpakani tangu asubuhi. Tutabaki mimi na mzee na kuku. Huo ukimya ulinitisha kuliko bei.

Ndipo nikapiga ile simu ya milango. Binti aliporudi aliniambia kwa heshima zote kwamba milango ni mingi, ila chumba cha kulia ni kimoja, na kwamba wenzake wote wananisalimia.

Jioni hiyo mzee akakohoa, akakaa kwenye kiti chake, akaanza.

"Kuku, mwambieni mwenye nyumba nimefikiri. Waende wenyewe. Miguu yangu inauma, na duka linataka mtu wa kuliangalia. Bomba nimekwishaliona kwenye simu, linatosha."

Miguu! Asubuhi ileile alikuwa ametembea mpaka sokoni na kurudi kwa ajili ya ugoro tu. Nikajua amesikia nilivyokuwa nahangaika na simu, ananipisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumpisha yeye. Sasa tukipishana hivi, nani atakwenda? Hasira ikanipanda, hasira ya mapenzi, nikashika mfuniko nikaupiga juu ya jiko mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Sufuria! Mwambie mzee afungashe begi!"

Kuku wakatawanyika uani. Halafu nikasikia kicheko chake, kidogokidogo, akijaribu kukizuia na kukohoa.

Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma ya dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa, nikarushwa na matuta yote ya kutoka Mlowo mpaka Chalinze. Mwanaisha alikuwa ameniazima vazi lake la kuogelea la stara, linafunika kuanzia kichwani mpaka kwenye kifundo cha mguu. "Ukivaa hili," alisema, "hata Osea hatakutambua." Mimi mwanakwaya wa kanisani, nikajiona kwenye kioo cha hoteli nimekuwa Mwanaisha mtupu, nikacheka peke yangu.

Siku ya kwanza tuliimudu. Frida alitangulia kila mahali akipiga mluzi njia ikiwa nyeupe. Mzee alikunywa chai mapema, mimi nikachelewa. Tulikutana mara moja tu, kwenye lifti: mlango ukafunguka, yeye ndani, mimi nje, na nyuma yangu wageni wananisukuma. Nikaingia uso umeelekea ukuta wa kulia, yeye akageukia wa kushoto, tukashuka hivyohivyo kama watoto walioadhibiwa. Mama mmoja akanong'ona kuuliza kama lifti ni mbovu.

Siku ya pili Frida akaja mbio. "Mama, ingia kwenye mto sasa hivi! Babu yuko kwenye bomba, amepita mara nne, hataki kutoka."

Mto wenyewe ni mfereji mpana wa kujengwa, unazunguka bustani nzima, maji yanakwenda yenyewe taratibu. Unakaa juu ya boya kubwa, unapelekwa. Nilikaa. Ee Mungu wangu! Tangu nizaliwe sijawahi kupelekwa mahali bila kubeba kitu. Jua usoni, mikono majini, nikafumba macho, nikasema pesa hii imekwenda, lakini imekwenda vizuri.

Nilipofumbua, niliona kofia. Mzee Barnaba alikuwa amechoka na bomba, naye akaingia mtoni upande wa pili. Boya lake lilikuwa limenasa chini ya maporomoko ya mapambo, linazunguka papo hapo, maji yanamwagikia magotini, na langu linapelekwa moja kwa moja kwake. Nikatazama kushoto: ukuta, tena una utelezi. Kulia: ukuta. Nikapiga maji kwa mikono nirudi nyuma, boya likanizungusha tu na kunileta haraka zaidi. Nikafunika uso kwa viganja. Maboya yakagongana.

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha nikasikia sauti ya milimani, karibu kabisa na sikio langu.

"Mwanangu. Hiki kitu kinasimamishwaje?"

Niliondoa mikono. Nikamtazama. Miaka yote ile sikuwa najua kwamba macho ya Frida, yale mapana yenye kucheka kabla ya mdomo, ni ya babu yake. Nilikuwa nimeishi nayo nyumba moja bila kujua yametoka wapi. Furaha ilinijaa.

"Hakisimami, Baba. Kinakwenda tu."

"Basi nishike. Nisije nikawagonga wale Wazungu."

Akanyoosha mkono akashika kamba ya boya langu, nami nikashika ya lake. Yakatoka kwenye maporomoko, tukaenda pamoja. Tukafika kwenye kona. Pale nikaona nisiposema leo nitalirudisha neno hili Tunduma na kuzeeka nalo.

"Baba, asante."

"Ya nini?"

"Ya siku ile ya mashangazi."

Akafikiri. Halafu akacheka, boya likayumba, nikalikamata. "Wale? Walikuwa wamekwishamaliza andazi la tatu." Akafuta uso kwa kiganja, na sauti ikateremka. "Nilisema kweli, mwanangu. Ilikuwa imejaa. Bado imejaa."

Nikalia, naye akaniacha nilie, maji yalikuwa mengi na machozi hayakuonekana. Kisha akaniuliza nilipokuwa mtoto Iyula tulikuwa tunaogelea wapi. Nikamwambia juu ya kijito nyuma ya mashamba ya kahawa, na jinsi kaka yangu Watson alivyokuwa akituficha nguo. Akasema wao waliogelea kwenye mto Songwe, na siku moja yeye alizama akatokea upande wa Malawi, akarudi bila pasipoti. Tulipopita chini ya daraja nilimwona Osea amesimama juu na mikono kichwani, na Frida anaruka kama mwendawazimu. Tukapita. Tukazunguka tena. Nikamwambia kaka alivyochapwa, akaniambia yeye alivyochapwa.

Mwanaisha huniuliza kama hoteli ile ina thamani ya bei yake. Huwa namwambia ukweli: mchele wao haukuchambuliwa vizuri, na godoro ni laini mpaka mgongo unauma. Kisha namwambia kwamba mwaka huu tunarudi na tunachukua chumba kilekile, na mzee kinachofuata.

Siku ile mtoni, jua lilipopungua, wageni wa nje walitoka, kisha hata wa ndani wakatoka. Kijana wa zamu, mwenye fulana nyekundu, alikuja ukingoni akapuliza filimbi. Tukampita. Mzunguko uliofuata akapuliza tena, akainama.

"Mzee, mama, muda umekwisha. Naomba mtoke."

Baba hakuiachia kamba ya boya langu.

"Tuvumilie kidogo, kijana," akasema. "Naongea na mwanangu."