Dakika Tano za Delmar Pruitt

Jina lake lilikuwa la mwisho kwenye karatasi ya wanaotaka kusema. Delmar Pruitt. Mimi ndiye niliyemfunga.

Kwetu Nebraska, anayeomba ujaji hukaa mbele ya tume, milango wazi, na mtu yeyote, hata mlevi wa baa, hupewa dakika tano za kumsifu au kumwanika. Baada ya hapo majina mawili yanapelekwa kwa gavana. Nilikuwa nimeutamani ujaji ule miaka kumi na tisa ya uendeshaji mashtaka. Kaunti nzima ilinijua: Marlys Torvik, mama asiyeshindwa kesi. Sifa ya kijinga, lakini niliipenda.

"Mbona umeikazia macho karatasi hiyo?" Verne, mume wangu, alininong'oneza. "Kunywa kahawa."

"Hebu niache na kahawa yako."

Hakujua. Hakuna aliyejua. Siku moja kabla ya kesi ya Delmar, bibi mmoja jirani wa ghala la mahindi alilodaiwa kulichoma aliniletea barua. Alikuwa amemwona mkwe wa mwenye ghala akitoka pale na dumu la petroli, na moto nyuma yake. Sheria ilinitaka nimpe wakili wa Delmar barua ile. Nikajiambia bibi macho yake yamekwisha, nikaitia kwenye droo. Delmar akala miaka sita jela. Bibi alifariki hata kabla hukumu haijasomwa.

Sasa huyo hapo, anasogea mbele na kofia mkononi. Amejua, nikawaza. Leo naumbuka mbele ya watu wote.

"Huyu mama alinifunga," alianza. "Nilipotoka hakuna aliyetaka kuniajiri. Yeye akapiga simu kwenye kinu cha kusaga nafaka, nikapata kazi. Mpaka leo watoto wangu wanakula kwa simu ile. Mpeni huo ujaji, jamani. Ana utu."

Watu wakapiga makofi. Verne akanishika bega, anacheka. Ningepaswa kushusha pumzi, lakini hofu ilizidi kunipanda. Ile simu niliipiga kwa sababu nilikuwa silali.

Mzee Haskell, mwenyekiti wa tume, alikuwa ameshaanza kukusanya makaratasi yake. "Mama Torvik, una la kuongeza, au tufunge?"

Kusema "hapana" kungetosha. Mdomo ulikuwa umeshaliandaa neno lenyewe.

"Kulikuwa na barua," nikasema.

Nikaeleza yote: bibi, mkwe, dumu, droo. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Verne akaondoa mkono begani kwangu. Haskell akaweka kalamu chini, na nikajua jina langu halifiki kwa gavana, wala sikujali tena, kwa sababu Delmar alikuwa bado amesimama palepale ananitazama. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana.

"Mama yangu alikufa mwaka wa tatu nikiwa ndani," alisema taratibu. "Hakuja kuniona hata siku moja. Alisema yeye hakuzaa mchoma ghala."

Akaivaa kofia yake, kisha akaivua tena.

"Sasa nani atamwambia?"