Aliyejibu kutoka Kabimba

Kila neno la habari hii ni kweli. Si ile kweli ya kilabuni inayopanda kadiri chupa zinavyoshuka; ni kweli iliyonyooka kama reli ya Kabalo kabla haijazeeka. Asiyeamini ashuke hadi kwenye kibanda cha vitanda vya kuanikia dagaa, pale ziwa linapolamba ngazi, aulize kwa nini kiti cha pili kutoka mlangoni kina vumbi jeupe lisilokubali kufutika. Akishajibiwa, arudi kuomba radhi.

Papa Déogratias alikuwa na miaka sitini na moja, mstaafu wa reli, mkewe amemtangulia, na Kalemie nzima haikuwa na mtu wa kutunga habari kama yeye. Aliwahi kuapa kwamba treni yake ilisimamishwa Niemba na kiboko aliyeshika tiketi ya daraja la kwanza. Wenzake wa darasa la mwaka themanini na nne, waliosoma pamoja shule ya mapadri juu ya kilima, walikuwa na sheria kwa ajili yake: akikamatwa na uongo, ananunua kasha la soda. Makasha aliyokwisha kununua yangetosha kujenga ukuta.

Darasa hilo lilikutana kwenye kibanda hicho kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Déogratias ndiye aliyekuwa katibu, na mkutano ulifunguliwa kwa yeye kuita majina kwa mpangilio wa daftari la zamani. Aliye hai alijibu "Prezan", hata kama yuko Lubumbashi na sauti yake inatoka kwenye simu iliyolazwa mezani. Kwa aliyekufa, darasa zima lilijibu kwa pamoja: "Anakuja." Ndivyo walivyokuwa wakimdanganya padri enzi zile mwenzao akichelewa asubuhi, na walipoanza kufiwa, hawakupata neno jingine. Marehemu waliachiwa viti vyao. Mgeni aliyesikia mara moja watu wazima ishirini wakimwitikia maiti namna hiyo hakurudi mara ya pili.

Kati ya viti hivyo vitupu, kilichopendwa kuliko vyote ni cha Zacharie, maana bila Zacharie kile kibanda kisingekuwapo.

Miaka kumi na moja nyuma, walipoanza kutafutana kwa simu, walisikia kwamba Zacharie, aliyekuwa bingwa wao wa hesabu, yuko Kabimba anavunja mawe ya chokaa, mgonjwa, hana mtu. Mama Virginie, muuguzi na mwenyekiti wao, alijaza mfuko dawa na sweta, akaufunga kwa kamba ya buluu na fundo lake la hospitali, akamkabidhi Déogratias aupeleke. Déogratias alirudi baada ya siku nne na habari iliyowaliza hadi walioko Ubelgiji. Zacharie amezama. Mtumbwi ulipinduka mbele ya Kabimba. Amezikwa mteremkoni kati ya mikuyu miwili, kaburi limekuwa jeupe kwa vumbi la chokaa, na mbwa alilala juu yake siku tatu bila kula. Yeye mwenyewe, alisema, alilifunika kaburi kwa ile sweta.

Kilio hicho ndicho kilichozaa vitanda. Darasa liliona haya kwamba mwenzao alikufa maskini wakati wao wana ofisi na magari, likaapa kutolia na kutawanyika tu. Mama Florentine, mwanasheria, aliandika katiba ya chama. Chadrack alituma nyavu kutoka Lubumbashi. Shaabani, mwenye boti ya Kigoma, alileta mbao. Wajane wa wavuvi, arobaini hivi, wakapata vitanda virefu vya kuanikia dagaa juu ya mchanga, vimefunikwa nyavu, na dagaa wao wakaacha kulia mchanga menoni. Magunia yaliandikwa Vitanda vya Zacharie, pamoja na mwaka wa darasa na msalaba mdogo. Sehemu ya faida ililipa minerval, yaani karo ya shule, ya watoto wa wajane hao. Mama Virginie hakutaka mtu aite kazi hiyo sadaka. Ni biashara, alisema, ila ni biashara inayomjua jirani yake.

Sasa lile ambalo hakulijua mtu. Déogratias hakufika Kabimba. Siku ile upepo ulikuwa umechafuka, na yeye, mtu wa reli, aliogopa maji kama mtoto. Akaona aibu kurudi na mfuko mkononi, akajificha siku nne kwa shemeji yake ng'ambo ya daraja la Lukuga, akala, akalala, akatunga. Alichagua kifo kwa sababu maiti haandiki barua. Mfuko aliusukuma chini ya kitanda chake, na huko ulikaa miaka kumi na moja, fundo halijaguswa. Kuutupa alishindwa, kuufungua alishindwa. Tangu mkewe afariki, hakuwa na nyumba nyingine ya kusikia jina lake likiitwa isipokuwa ile Jumamosi moja ya mwezi. Siri ikitoka, kiti kimekwenda.

Mwezi wa sita, baada ya mkutano, zilionekana nyayo nyeupe kwenye ngazi. Zilipanda hadi nyuma ya nyavu zilizotundikwa kibandani, zikasimama. Hazikushuka, au kama zilishuka, maji yalizifuta, kwani ziwa limepanda miaka hii hadi linazungumza chini ya mbao za sakafu. Watu walisema ni unga wa mihogo. Déogratias aliinama, akagusa, akanusa kidole. Chokaa.

Mwezi wa saba, Mama Ketsia, mmoja wa wajane wa vitanda, alimwambia pembeni kwamba darasa lilipoitikia "Anakuja", yeye alisikia mtu nyuma ya nyavu akivuta pumzi, kama anayetaka kusema. Alipokwenda kutazama hakukuta mtu. Ila kiti cha Zacharie, baada ya watu kuondoka, kilikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, vidole vyote vitano.

Tangu hapo Déogratias hakulala vizuri. Alilifikiria jambo hilo kwa pande zote mbili. Ikiwa Zacharie yu hai, basi yeye amekwisha. Ikiwa ni mzimu, basi ile habari yake ilikuwa kweli tangu mwanzo. Watu wengine huomba Mungu awaepushe na mizimu. Yeye aliomba uwe mzimu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane kulikuwa na ukungu wa moshi, ule wa mioto ya kiangazi, na ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe. Hapakuwa na upepo. Déogratias aliita majina. Kumi na saba, prezan. Kumi na nane, prezan, kutoka kwenye simu.

"Zacharie," alisoma.

"Anakuja," darasa likaitikia.

"Nimekuja," ikasema sauti nyuma ya nyavu.

Alitoka taratibu, mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kope nyeupe, midomo myeupe, akapita katikati yao bila kumgusa mtu, akaketi kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni. Hakuna aliyetikisika. Kwenye simu Chadrack aliuliza nani ameingia, akauliza tena, asijibiwe. Na Déogratias, ni aibu kusema, alisikia furaha ikimpanda kifuani. Huyu amekufa, alijiambia. Amekufa kabisa, asante Mungu.

"Tumuache apumzike," alisema kwa sauti ya kanisani. "Marehemu ametoka mbali."

Mama Virginie alisimama. Alishika kile kifundo cheupe cha mkono, akatazama saa yake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Marehemu ana homa," alisema. "Na moyo wake njo wa muntu amepanda ngazi. Mumuletee maji."

Alipokunywa, aliwaeleza. Yeye bado anachoma chokaa Kabimba na sasa huleta magunia bandarini kila mwisho wa mwezi. Mama mmoja wa kule alinunua dagaa, na kwenye gunia hilo yeye Zacharie akasoma jina lake mwenyewe, mwaka wa darasa lake na msalaba. Akaja kuuliza. Mara mbili alisimama nyuma ya nyavu, mara mbili alisikia jina lake likiitwa na wote wakijibu kwamba anakuja. Alidhani wanamngoja. Miaka yote hiyo wanamngoja, na yeye amevaa nguo zile za chokaa, akaona haya kujitokeza. Mara ya pili, watu walipokwisha kutoka, alithubutu kushika kiti tu, akakimbia.

Ikabidi Mama Virginie amsimulie, polepole, namna alivyokufa. Zacharie alisikiliza hadi mwisho, na ule weupe wa uso wake ukawa wa namna nyingine.

Mtumbwi huo ulikuwapo, alisema. Ulipinduka juma lilelile. Yeye alikuwa amekwisha kukaa ndani yake, na mtu akamwita kutoka ufukweni: Kumi na Tisa. Ndiyo namba yake ya daftarini, na Kabimba hakuna aliyeijua. Alishuka kutazama, asione mtu. Mgeni mmoja akachukua nafasi yake, mtumbwi ukaondoka. Mgeni huyo ndiye aliyezama, na kwa kuwa hakuna aliyemfahamu, amelala kati ya mikuyu miwili bila jina. Mbwa aliyelala juu ya kaburi siku tatu alikuwa mbwa wa Zacharie.

Macho yote yalimgeukia Déogratias, na hayakuwa ya ukali. Walimwonea huruma. Maskini Papa Déo, alionyeshwa kaburi la mtu mwingine. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na yeye hajawahi kuona mlango wa namna hiyo asipite.

"Njo hivyo," alisema. "Walinionyesha kaburi, nikaamini. Nikafunika kaburi na sweta, nikalia."

Zacharie alimtazama kwa upole. "Papa, ile kaburi nilichimba mimi. Nilimufunika na koti yangu mwenyewe. Hakukuja muntu wa Kalemie."

Ziwa lilisema kitu chini ya sakafu. Mama Virginie aliuliza jambo moja tu: mfuko uko wapi. Déogratias aliinuka, akaenda nyumbani kwa miguu, akarudi nao, akauweka mezani. Kamba ilikuwa imechujuka, lakini lile fundo la hospitali kila mtu alilijua. Sweta ilikuwa imeliwa na nondo.

"Na habari ya mbwa," Zacharie aliuliza, "nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilitunga."

"Na mikuyu? Na ya kuwa miwili?"

"Nilitunga, ndugu yangu. Yote."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka kinywani mwake siku hiyo, na hapakuwa na hata mmoja aliyelisadiki.

Safari hii kasha la soda lilionekana dogo. Mama Florentine aliogopa kwamba wenzao wa mbali wanaochangia wakisikia, vitanda vitakufa. Zacharie alikataa jina lake lifutwe. Alisema limefanya kazi vizuri kuliko mwenyewe, liendelee, na walioko mbali waandikiwe ukweli wote. Waliandikiwa, na hakuna aliyejitoa. Ila Déogratias alipewa hukumu: aende Kabimba kwa kweli, na asirudi kukaa kitini hadi amemtafutia jina yule aliyezikwa mahali pa mwenzao.

Alikwenda kwa boti ya Shaabani, akitapika njia nzima. Aliuliza wavuvi, aliuliza wavunja mawe, mchungaji, mama wa zahanati. Hakuna. Majuma matatu alizunguka. Usiku mmoja jina lilimjia lenyewe, jina zuri, pamoja na la baba na la kijiji, na wajukuu wawili. Lilikaa ulimini tamu kama sukari. Akalimeza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, karibu na saa sita, alipanda mteremko, kwani juu kule mtandao unashika. Hakuwa bado amefika kwenye kaburi lile; watu walimwelekeza tu kwa kidole. Hata hivyo mguu wake uliruka mzizi kabla jicho halijauona. Alijua mkuyu upi umepinda. Alijua jiwe la kukalia liko upande gani, akalikalia.

Alipiga simu. Kule Kalemie waliiweka mezani, na Mama Virginie akaita majina. Déogratias alifuata namba moja baada ya nyingine, amefungua kinywa tayari.

"Déogratias."

Kabla hajatoa pumzi, darasa likajibu kwa pamoja, na sauti ya Zacharie ikiwa juu ya zote: "Anakuja."

Aliibana simu sikioni. Majani ya mikuyu hayakucheza. Mama Virginie aliendelea hadi mwisho wa daftari, kisha akasoma mstari mpya, ulioongezwa kwa kalamu: "Yule wa Kabimba."

Darasa lilinyamaza. Hawakuwa wamekubaliana wajibu nini.

"Prezan," ikasema sauti.

Alirudi Kalemie bila jina, akawaambia wazi kwamba hakulipata. Kwa hilo walimwamini. Mama Virginie alisema kama Papa Déo asingefika kule, angerudi na jina, na ukoo, na picha ya harusi. Wakamrudishia kiti.

Lakini ile "Prezan" hawakumsamehe. Wote ishirini waliisikia ikitoka kwenye simu yake, na wote walisema si vizuri mtu mzima kucheza na maiti asiye na mtu. Déogratias aliapa kwa kaburi la mkewe kwamba hakuwa amefungua kinywa. Walimtazama kama walivyomtazama siku ya kiboko wa Niemba. Kasha moja, alisema Mama Virginie.

Alilipa. Alilibeba mwenyewe hadi kibandani, akagawa chupa, na kwa mara ya kwanza hakubishana. Juu ya kasha aliongeza chupa moja ambayo hakuna aliyemdai, akaiweka mezani kando ya simu.