Mawe Yaliyooshwa

Jamani, Profesa Nchagwa aliyajua maji kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Alifundisha wahandisi wa maji chuo kikuu miaka thelathini na ushee, na visima alivyochimbisha Singida na Dodoma havihesabiki. Ila Matongo, kwa wakwe zake, alichimbisha viwili na vyote vikatoa vumbi. Mganga hajigangi, watu wakamcheka, na mama mkwe wake, bibi Waisiko, akaendelea kuchota mtoni na miaka yake themanini. Sasa mtambo wa kuchimba ulikuwa wake kwa siku moja tu. Kesho yake unahamia Serengeti, na mwezi ujao Profesa anastaafu. Kikishindikana hiki cha tatu, basi tena.

Na vipimo, kwa ukorofi wao, vikaonyesha nyuma ya jiko la mama mkwe! Mkwe haingii huko. Kwa desturi yao hata macho hayakutani. Tangu amwoe Winfrida, yeye na mama mkwe hawajawahi kusemezana. Basi profesa mzima akaketi kwenye kigoda nje ya ua wa minyaa, na kila mita tano Winfrida anampitishia ungo wenye vipande vya mwamba vilivyotoka shimoni, avisome.

Mita ya sitini vipande vinang'aa. Ya themanini, vinang'aa tu. Mwamba mzima huo, hauna ufa, na bila ufa hakuna maji. Rubeni, fundi wa mtambo, akatuma neno kwamba anapoteza mafuta bure. Roho ilimuuma Profesa, ikamuuma kweli. Akamwambia mkewe wafungashe.

Winfrida akashusha pumzi, akasema afadhali, maana mama amechoka kuosha.

“Kuosha nini?”

Mawe, akajibu Winfrida. Mkwe atapelekewaje ungo wa uchafu? Mama alikuwa akiyaosha tangu asubuhi, ndoo tatu za mtoni zimeisha, na maji yote yamekuwa mekundu kama tope la tofali.

Mekundu! Wekundu ule ni kutu ya mwamba uliopasuka na kupitiwa na maji, ndiyo dalili aliyoisubiri siku nzima, na mama mkwe kaisugua ikatakata kwa heshima. Profesa alicheka mpaka kigoda kikapinduka. Akainuka, akapenya ua, minyaa ikamvunjikia shatini utomvu mtupu, akaibukia nyuma ya jiko akipiga kelele kwamba mtambo usizimwe. Rubeni akaendelea kuchimba. Bibi Waisiko akajifunika khanga usoni, akageukia ukuta.

Mita ya tisini na sita shimo likakohoa. Matope kwanza, halafu maji, maji kweli, yakaruka juu ya paa la jiko na kumwagikia kila mtu. Winfrida akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio na masufuria. Profesa alirukaruka kama ndama, analia na kucheka kwa pamoja, mpaka alipokumbuka amesimama wapi. Akainamisha kichwa, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye ua wa minyaa, akiwaza mbuzi wa faini atakaotozwa.

Khanga ikashuka. Bibi Waisiko akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza.

“Baba,” akasema, “maji yanapotea. Shika ndoo.”