Bei Tatu za Shingo Moja

Mume wangu ni seremala, na kwa ubishi hana mwenzake. Alipotokwa na uvimbe shingoni, mdogo kama gololi, daktari aliupapasa akasema pengine si kitu, lakini apigwe picha ya altrasaundi ijulikane. Hilo "pengine" liliniondolea usingizi. Mwenzangu alikoroma kama kawaida.

Balaa lilianza tulipoulizia bei. Hospitali ya serikali walitaja bei ndogo, na foleni ya mpaka mwezi ujao. Kliniki ya ghorofani, pale barabara kuu, walitaja kubwa zaidi. Na kile kituo cha nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia lililochanika, ndicho kilichotaja kubwa kuliko zote.

"Shingo moja, bei tatu!" mume wangu alifoka, karakana nzima ikasikia. "Hawa wezi! Sipigwi picha mpaka mtu anieleze kwa nini."

Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu kuwa tumbo lake halina neno, tatizo lipo shingoni. Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Siku zikaenda. Ila niliona kitu kimoja: alianza kufunga vifungo vya shati mpaka juu kabisa, na lile joto lote la karakana.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa shule ya jirani, mama mmoja mchangamfu, kuulizia kitanda. Mimi nilikuwa pembeni napaka vanishi, kwani kazi ya vanishi ni yangu.

"Fundi," mwalimu akasema, "jirani yako kitanda kama hiki anauza chini ya hapo. Kwa nini?"

Mume wangu akaweka randa chini. Nikajua hotuba inakuja.

"Mwalimu, nikueleze. Yule mbao zake mbichi, zangu zimekauka ndani ya banda langu. Yule anakuuzia kitanda ukajiunganishie mwenyewe. Mimi nakuletea, nakuunganishia, na mguu ukicheza narudi bure. Mashine hii nimeinunua kwa mkopo, sharti ijilipe. Na ukienda kwa yule mwingine wa kule mwisho, atakutajia ghali kunishinda, kumbe hana hata mashine! Kazi analeta kwangu, kisha anaongeza chake juu. Bei si mbao peke yake, mwalimu. Uliza ndani yake mna nini."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa mume wangu uliponza shingo.

"Baba watoto," nikasema, brashi bado mkononi, "hayo uliyosema umeyatoa wapi? Maana nilipita vituo vyote vitatu vya picha kuuliza, nikajibiwa hivyo hivyo. Kituo cha nyuma ya soko hakina mashine, wanakutuma kliniki ya ghorofani kisha wanaongeza chao juu. Ghorofani mashine ni yao, mpya, na bei imeingiza daktari wa kuisoma picha siku hiyo hiyo. Hospitali ya serikali, serikali inalipa sehemu kubwa, ndiyo maana watu wamejaa. Ulitaka mtu akueleze. Umejieleza mwenyewe."

Mwalimu alicheka mpaka akashika kitanda. "Fundi, leo mama kakubana kama ubao kwenye jiliwa!"

Nilingoja anibishie. Hakubisha. Alifungua kifungo cha juu, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Na wakiona kitu?"

Kumbe bei ilikuwa pazia tu, na mtu wangu alikuwa amejificha nyuma yake akitetemeka. Hasira zangu zote ziliyeyuka.

"Wakiona tutajua," nikamwambia. "Na mimi nitakuwa hapo hapo. Haya, badili shati."

Ghorofani walimlaza, wakampaka shingoni ule uteute wa baridi. "Gundi hii hukauka baada ya muda gani?" akauliza, na mpiga picha akashindwa kujizuia kucheka. Daktari wa kusoma picha akaja, akatazama kioo. Nilishika kiatu cha mume wangu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Ni kifuko cha maji," daktari akasema. "Hakina ubaya wowote. Ukitaka tutakitoa, usipotaka utazeeka nacho."

"Tazama tena, daktari. Mimi mguu wa kitanda ukicheza huwa narudia bure."

Daktari akatazama tena. Maji tu. Nikapiga vigelegele humo humo ndani, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakaitikia bila hata kujua kuna nini. Furaha ile, jamani, sijui niiweke wapi.

Kesho yake mwalimu alirudi kulipia kitanda, na mume wangu akamtajia bei ya chini hata kuliko ya jirani.

"Makubwa!" mwalimu akashangaa. "Na ile hotuba yote ya jana? Au mbao zimegeuka mbichi?"

"Mbao ni zile zile, mwalimu," akasema, shati wazi mpaka kifuani. "Ila leo unanunua kwa mtu atakayezeeka."

Nilichovya brashi, nikakipaka kitanda cha mwalimu vanishi mara ya pili, bure.