Kiti Kina Mtu

"Mtoto amesimama amelala, nawe unamfunga viatu kama unafunga mzigo!" Bibi alisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mlango wa jikoni.

"Mama, tutachelewa."

"Mmeshachelewa. Tangu shule ifunguliwe mnachelewa. Shule iko hapo chini ya mteremko, nikikohoa walimu wananisikia, lakini wewe lazima umvushe jiji zima kama kifurushi!"

"Pale wanabanana dawatini."

"Wewe si ulibanana papo hapo? Ulikufa?"

Binti yake alimfuta mtoto tongotongo kwa kidole gumba na kumvika begi mgongoni. Mtoto, ambaye nyumbani walimwita Kidoti kwa udogo wake, alifungua jicho moja, akaona bado kuna giza, akalifumba.

"Shule ya mjini inatazamana na hospitali ninakofanya kazi," alisema mama Kidoti. "Akiugua, natoka maabara navuka barabara tu. Tena kule wanafundisha."

"Wanamfundisha ndotoni? Mwalimu wake si ndiye aliyekupigia simu juzi kwamba mtoto analala darasani mpaka anakoroma?"

Hilo lilimwingia. Alimshika mtoto mkono, akatoka, na mlango akaubamiza kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Kituo cha mwisho kilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga: aliyeingia kwa mlango alisimama, aliyeingia kwa dirisha alikaa. Watu walirusha makoti, mitandio, hata kofia, ili kushika viti kabla mlango haujafunguliwa. Mama Kidoti alimrusha Kidoti. Alimnyanyua, akampitisha miguu kwanza dirisha la nyuma ya dereva, na mtoto aliijua kazi yake: kusogea ndani, kuweka begi kiti cha pili, kulifunika kwa mkono na kumwambia yeyote atakayesogea, "Kina mtu." Abiria wa kila siku walimwita Askari. Kisha mama angefika, nywele zimevurugika, kifungo kimoja hakipo, akae, ampakate. Foleni ingewameza, na mtoto angelala kifuani pake mpaka mjini.

Asubuhi hiyo hasira ilimtangulia kituoni. Hakumsubiri Nyundo, kondakta aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyogonga bodi za magari, aite safari. Aliona basi, akaona dirisha liko wazi, akamsukumia mtoto ndani. Alipozunguka upande wa pili alikuta mlango umefungwa na hakuna hata mtu mmoja anayeugombea. Kabla hajajiuliza kwa nini, basi likaondoka.

"Simama! Mwanangu yumo!" Alilipiga bati kwa viganja. Basi lilimtemea moshi, likapinda kona.

Nyundo alikuja mbio. "Dada, lile halipakii! Breki zinasumbua, linapelekwa gereji!"

Mama Kidoti alijitupa kwenye pikipiki iliyokuwa karibu.

"Fuata basi!"

"Lipi, mama?"

"Lenye mtoto!"

Alilikamata koti la mwendesha pikipiki kwa mikono miwili. Mbele yao basi liliteremka, taa zake za nyuma zikiwaka na kuzimika. Miaka yote alikuwa ameilaani foleni. Leo aliiombea iwepo, ilizuie basi lile kwa namna yoyote, lakini barabara ya mteremkoni ilikuwa nyeupe kama imefagiliwa.

Walilikuta limesimama ndani ya gereji, ubavuni mwa ukuta wa shule ya mtaa. Dereva alikuwa anashuka, anajifuta jasho.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mwana gani tena?" Dereva aligeuka kutazama dirisha la nyuma ya kiti chake, na uso ukambadilika. "Mungu wangu. Mama, sikujua nina mtu."

Mama Kidoti alimpita, akapanda. Ndani, kati ya viti vitupu mpaka mwisho wa gari, Kidoti alikuwa amelala, shavu limebandikwa kwenye kioo. Begi lilikuwa kiti cha pili. Mkono ulikuwa juu ya begi.

Mama alilishika begi ili akae.

"Kina mtu," alisema mtoto, macho yamefumba. "Mama yangu anakuja."

Mama alikaa sakafuni, pembeni ya kiti. Dereva alichungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma.

Aliwahi kuwaambia watu wote kuhusu shule ya mjini: walimu wake, vitabu vyake, Kiingereza chake. Hakuwahi kumwambia yeyote kuhusu uzito wa kichwa kile kifuani pake. Nje ya basi hakuwa naye. Angemwacha shule ya mtaa, angetoka nyumbani mtoto hajaamka na kurudi mtoto ameshalala. Angebaki kumjua kwa viatu vilivyo mlangoni. Hilo ndilo alilokuwa analikimbia, na mtoto ndiye aliyekuwa analilipia kwa usingizi wake.

Alitoa simu.

"Mama, njoo shuleni. Hapo chini. Ndiyo, sasa hivi."

Bibi alifika anahema, kilemba kimekaa upande. Aliutazama uso wa binti yake. Alichukua begi tu.

Mwalimu mkuu aliiangalia sare ya bluu iliyoingia katikati ya sare za kahawia. "Uhamisho wake?"

"Nitauleta. Leo naomba akae."

"Darasa limejaa, mama. Atabanana."

"Hata mimi nilibanana."

Alibaki nje, mikono kwenye nondo za dirisha. Kidoti alielekezwa dawati la mbele lililokuwa bado tupu. Alisogea mpaka mwisho, akaweka begi pembeni yake, akalifunika kwa mkono.

Msichana mwenye pengo alikuja, akasimama hapo, akangoja.

Kidoti aligeuka kutazama dirishani. Mama yake alimtazama, akatikisa kichwa polepole: hapana, haji.

Mtoto aliinua begi, akalipakata.